Baada ya Matanga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Jubilii na wale waliouguza jamaa zao)



Sisi ni watu tuliouguza jamaa zetu nyumbani hata wakatutoka: wengine waume zao, wengine mama zao, wengine watoto wao. Leo zimetajwa kazi nyingi zilizotimia, nasi twaomba kutaja moja isiyotimia bado, nayo ni kumwangalia yeye aliyeuguza, baada ya mgonjwa wake kuzikwa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ya msiba hamkutuacha. Mlileta kuni na maji, mkapika, mkalala nasi. Fadhili hizo hatuzisahau. Lakini matanga yalipoondolewa, wote waliondoka siku moja. Hata muuguzi aliyezoea kuja kumtazama mgonjwa hakuwa na sababu tena ya kupita kwetu. Mtu aliyeuguza amefiwa na mpenzi wake, na tena ameondokewa na kazi iliyojaza siku zake zote. Usiku huamka saa ile ile ya dawa, akaketi kitandani, akakumbuka kwamba hapana wa kumpa. Na shamba lake limekwisha kuota majani, na mbuzi wameuzwa kwa nauli ya hospitali.

Kisha huja maswali. Lau tungalimpeleka mapema? Je, ile dawa ya maumivu tuliyompa usiku wa mwisho ndiyo iliyomwua? Wengine wetu walilichukua swali hilo moyoni muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwuliza. Hata muuguzi mmoja alipoketi nasi akatueleza kwamba mofini, ikitolewa kwa kipimo kilichoagizwa, hutuliza maumivu wala si sumu, ndipo tulipopata usingizi. Tena liko jambo tulionalo haya: mateso yake yalipokwisha, tulipumua, kisha tukajichukia kwa kupumua. Twawaambia wanaouguza leo, hiyo si dhambi, ni uchovu.

Watu walituambia, “Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa.” Hawakusema uwongo, lakini neno hilo lilitufunga vinywa. Aliyetusaidia zaidi ni yule aliyeuliza, “Ulimwuguzaje?” akanyamaza, akasikiliza.

Haya si mawazo yetu peke yetu. Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's mjini London mwaka wa 1967, alifundisha kwamba jamaa za mgonjwa nao huangaliwa, wala kazi haiishi siku ya kifo. Kazi ya namna hiyo ilianza Nairobi mwaka wa 1990, na Uganda mwaka wa 1993 kwa mkono wa daktari Anne Merriman. Na mwaka wa 2002 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba kuwasaidia wafiwa ni sehemu ya uuguzi wenyewe.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, muuguzi arudi nyumbani hata mara moja baada ya mazishi, ajibu maswali yetu. Pili, kila mtaa uchague watu wawili wa kumzuru mfiwa baada ya arobaini, hapo nyumba inapokuwa kimya. Nao wakija waje na jembe, wasije na maneno tu. Tatu, tujifunze kupambanua. Huzuni si ugonjwa, na kila mtu huenda kwa mwendo wake. Lakini ikiwa miezi sita imepita na zaidi, na huzuni ingali imemshika mtu sana kila siku, kupita desturi ya watu wake, hata hawezi kazi wala kuishi na wenziwe, apelekwe kwa daktari. Na akisema kwamba hataki kuishi, asingojewe hata siku moja, wala asiachwe peke yake.

Ndugu zetu, hatuombi fedha nyingi. Twaomba mlango wetu ubishwe tena, watu wakiisha kwenda zao.

Tumesema.