Fundi Aangalie Nyumba Mbele ya Feza Kutoka

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Uvira)



Leo nina jambo moja tu: mwanachama asitoe feza ya kununua nyumba mbele ya fundi kuiangalia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja kati yetu, ameniruhusu kusema habari hii bila jina lake. Alirudi kutoka kambi ya Nyarugusu na watoto wane. Akauza ndagala, akacheza likelemba, chama kikamuongezea mkopo. Mwezi wa saba akapata nyumba ya vyumba vitatu, manjanja juu, kuta zimepigwa simenti na rangi mpya. Akaniomba nimusindikize. Nikauliza shefu wa avenue, nikaita majirani wa kila mpaka, nikasoma karatasi zote. Zilikuwa sawa. Nikamwambia: "Mama, lipa."

Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha siku tatu. Ukuta wa nyuma ukaanguka. Watoto walikuwa wanalala upande wa mbele, Mungu asifiwe, hakuna aliyeumia. Lakini deni la chama mama analilipa mpaka leo, na nyuma ya nyumba yake kuna shitingi mahali pa ukuta.

Tulipoondoa udongo tukaona: matofali mabichi matupu, na chini hakuna hata jiwe moja la msingi. Simenti ilikuwa nguo tu ya kufunika. Mimi nilikagua karatasi, nikasahau kukagua nyumba.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kuna watu ambao kazi yao ni hiyo: kukagua nyumba mbele ya mtu kununua. Hapa hatuna ofisi ya namna ile, lakini mafundi tunao. Fundi wa kweli anaangalia nini?

Anaanza chini. Anachimba kidogo kwenye pembe ya nyumba, aone kama kuna mawe. Kiisha anajaribu ukuta kwa msumari, mahali simenti imetoka: tofali ya kuchoma inaukataa, tofali mbichi inaukubali. Anaangalia nyufa. Ufa mwembamba kwenye simenti si shida kubwa, lakini ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha unaweza kuonyesha kwamba msingi unashuka. Rangi ikiwa mpya chini tu, aulize inaficha nini. Anapanda juu, atafute mchwa katika miti inayobeba manjanja. Mwisho anazunguka nje: maji ya mvua yanapita wapi, na choo kiko mbali na kisima ao hapana?

Hapa Uvira tuongeze swali la maji. Munakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipojaa usiku, watu wakafa na nyumba nyingi zikaenda. Baadaye ziwa nalo likapanda, likaingia katika avenue za pwani. Kwa hiyo usinunue kiangazi bila kuuliza jirani: "Maji yalifika wapi hapa?" Jirani hana sababu ya kukuficha.

Sisemi karatasi ziachwe. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Mtu anapata haki ya kuutumia, na cheti cha kusajiliwa ndicho kinaishuhudia. Karatasi ya shefu peke yake haitoshi. Lakini cheti kizuri hakiwezi kushika ukuta mubaya.

Najua watu wengine watasema: "Muuzaji ni ndugu yangu, nikimuletea fundi nitakuwa nimemutukana." Ndugu zangu, ugomvi mubaya ni ule unaokuja nyuma, ukuta ukisha anguka. Fundi akisema mbele, mutapunguza bei kufuatana na kazi ya kutengeneza, na udugu unabaki. Na fundi huyo asiwe wa muuzaji, wala asiletwe na komisioneri. Komisioneri anakula nyumba ikiuzwa. Jicho lake haliwezi kuona ufa.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Moja: kamati ya mikopo isitoe feza ya nyumba bila ripoti ya fundi, ukurasa mmoja, na sahihi yake. Mbili: chama ndicho kimulipe fundi huyo, hata kama nyumba inakataliwa, ili mwanachama maskini asiruke hatua hii juu ya kukosa franga kidogo.

Wafadhili wetu, munapenda kutuuliza nyumba ngapi zimepatikana. Ni swali zuri. Nawaomba muulize pia nyumba ngapi tulizikataa, muihesabu kama kazi, muiwekee feza.

Jumamosi tunaanza kujenga tena ukuta wa yule mama, safari hii na mawe chini. Mawe yako tayari mtoni, yanangoja kubebwa. Mimi nitakuwa pale saa moja asubuhi. Mwenye mikono aje.