Bunduki Iitwayo SAR

Leo twataka kunena juu ya jina mlisikialo mara kwa mara katika habari za polisi, nalo ni SAR. Wengi hulitaja, wachache huijua maana yake. Yafaa tulieleze, kwa kuwa jina la silaha likikosewa, hatari yake nayo hukosewa.

Wazee wetu walilijua gobore. Gobore hushindiliwa baruti na vyuma kwa mdomo wa mtutu, likapigwa mara moja, kisha mwenyewe huanza kazi upya. Zikafuata bunduki za kuvutwa komeo kwa mkono baada ya kila risasi. SAR haihitaji mkono huo. Risasi itokapo, sehemu ya hewa kali ya baruti hupenya katika tundu dogo la mtutu na kulisukuma komeo nyuma. Ganda tupu hutupwa nje, na kamani hulirudisha komeo mbele pamoja na risasi mpya. Lakini kwa kila risasi mpigaji hana budi kukivuta tena kifyatulio. Ndiyo sababu huitwa bunduki ya kujiendesha nusu, na herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno hayo kwa Kiingereza.

Aliyeibuni ni Sergei Simonov wa Urusi, mwaka 1945. Kwao huitwa SKS, na herufi ya mwisho ni ya jina lake, kama vile Wamarekani walivyoiita bunduki yao ya mwaka 1936 kwa jina la John Garand. Hubeba risasi 10, na singe yake hukunjwa chini ya mtutu.

Mwaka 1956 Wachina waliichukua bunduki hiyo, pamoja na ile ya Kalashnikov, wakazipa zote mbili namba 56. Ya Simonov wakaiita bunduki ya kujiendesha nusu. Ya Kalashnikov wakaiita bombomu ndogo. Tangu mwaka 1964 silaha za Kichina zilianza kufika Tanzania. Nasi hata leo twasema SAR na SMG, yaani maneno yale yale, ingawa mafundi wa Ulaya hawaihesabu Kalashnikov kuwa bombomu ndogo. Hivyo jina laonyesha njia silaha iliyopita, kama chapa ionyeshavyo zizi la ng'ombe.

Je, jambo hili latuhusu nini sisi wafugaji na wakulima wa pamba? Latuhusu sana. Baada ya vita vya Uganda vya miaka 1978 na 1979, silaha za vita zilionekana mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda Sungusungu, wakatoka kwa pinde, mishale na filimbi. Ushujaa wao twausifu. Lakini mshale mmoja haulingani na risasi 10 zifuatanazo.

Basi mlio usikikapo usiku, sikilizeni. Gobore hulia mara moja, kikafuata kimya kirefu. SAR hulia moja moja, kwa haraka. SMG yaweza kumiminika mfululizo, nayo hubeba risasi 30. Lakini kimya kisiwadanganye: SMG nayo yaweza kupigwa moja moja. Msikimbilie mlio, wapelekeeni polisi habari, mkieleza mlilosikia na upande ulikotoka.

Na mtu akiiona bunduki imefichwa porini au darini, asiishike wala asiwape watoto kuichezea. Tangu mwaka 2015 iko sheria ya kudhibiti silaha na risasi, na kumiliki silaha bila kibali ni kosa. Anayeficha bunduki ya vita nyumbani hajui itamlilia nani. Hata ikiwa kuukuu, kazi yake haikusahau.