Tuanze sisi wazazi kuweka simu chini

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa umma.)



Nilipoombwa kuzungumza juu ya matumizi ya simu janja majumbani, nilidhani nitakuja kuwasema watoto. Kuwasema watoto ni kazi rahisi, nao hawapo hapa kujitetea. Lakini jioni moja mwanangu wa darasa la nne alinisomea insha yake, nami nikiwa na simu mkononi nikawa namwitikia: "Vizuri, endelea." Alipomaliza akaniuliza kama nimetambua kitu. Sikutambua. Kumbe aya ya pili alikuwa ameisoma mara tatu, kwa makusudi, apate kujua kama namsikiliza. Tangu siku hiyo sina uso wa kumhubiria mtoto yeyote juu ya simu.

Wapo ndugu zetu wanaodai kwamba chombo ni chombo tu, na ubaya ni wa mtumiaji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini haitoshi. Jembe halimwiti mkulima usiku wa manane. Simu huita, tena imetengenezwa iite. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kila ukiuteremsha kwa kidole huleta mengine. Baadaye yeye mwenyewe alieleza majuto yake hadharani. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na taarifa ya habari ina dakika yake ya kufunga. Huku hakuna anayekwambia basi. Na kwa kuwa mara unakuta jambo la maana na mara upuuzi mtupu, unaendelea kutafuta kama mcheza kamari anayeingoja bahati yake.

Redio nayo ilipoingia vijijini ilibadili jioni za watu, lakini iliwakusanya. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa moja, masikio mengi. Leo utaikuta sebule yenye watu watano na vioo vitano, kila mmoja ameinamia chake, na chakula kinapoa.

Kuhusu watoto wachanga nitasema kwa ufupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kumpa mtoto simu ili anyamaze ni kujinunulia utulivu wa mkopo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la kwetu sisi wenyewe. Mwalimu amerudi nyumbani na daftari za kusahihisha. Saa nne usiku unaingia ujumbe katika kundi la WhatsApp la kazini: takwimu zinatakiwa. Tangu mwaka 2014 alama mbili za vema hugeuka buluu ujumbe ukisomwa. Hivyo mkubwa anajua umesoma, nawe unajua kwamba anajua. Nani atathubutu kulala? Ukishaishika simu kwa ajili ya takwimu, huiachi hadi saa sita. Asubuhi tunamlaumu mwanafunzi anayesinzia darasani, ilhali mwalimu naye anapiga miayo ubaoni. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria ili mkuu wa idara aache ujumbe wake hadi kupambazuke.

Nyumbani kwangu tumeweka kapu la ukindu juu ya kabati la vyombo. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku simu zote hulala humo, milio ikiwa wazi, maana mgonjwa kijijini hangoji ratiba, na mama watoto ni muuguzi anayeweza kuitwa wakati wowote. Usiku zinachajiwa sebuleni, na saa ya kutuamsha tumenunua sokoni. Wiki ya kwanza nilijikuta nakwenda kabatini mara kwa mara, nikisingizia kutafuta chumvi. Mwanangu aliihesabu safari hizo na kuziandika nyuma ya daftari lake la hesabu: 11 kwa usiku mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Naomba mkutano huu, kabla haujafungwa, ukubaliane kwamba katika makundi yetu ya kazini ujumbe wa baada ya saa moja jioni utajibiwa asubuhi, na mwenye dharura apige simu. Wakuu wa idara waliopo hapa ndio wawe wa kwanza kunyoosha mikono.