Kibali Pia, Fundi Umeme wa Kyebando

Fundi umeme anayejitegemea pale Kyebando, Uganda, anayefunga waya kwenye vyumba vya kupanga, ana maswali mawili: apate cheti gani, na aanze na kipi? Kwa maoni yangu, aanze na ujuzi, lakini asiishie hapo. Upimaji wa vitendo ulioanzishwa na Idara ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, umemfungulia mlango wa kupata cheti fundi aliyejifunza kazini, chini ya fundi mwenzake. Hilo ni jambo jema sana.

Ila cheti cha ujuzi si kibali cha kazi. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, kibali cha kufunga umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, kwa madaraja. Nyumba mpya ikitaka kuunganishiwa umeme na UEDCL, kampuni iliyochukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme Aprili 2025, lazima iwe na hati ya ukamilishaji iliyotiwa sahihi na mwenye kibali.

Hapo ndipo ubaya unapoingia. Fundi asiye na kibali hufunga kila kitu, kisha hununua sahihi ya mtu asiyewahi kuiona nyumba. Waya wa eathi unaweza kuning'inia nyuma ya ukuta bila kufika ardhini, na karatasi ikasema yote sawa. Mpangaji atayajua hayo siku atakayoshika jiko la umeme kwa mkono wenye maji.

Mwenye nyumba, kabla hujalipa malipo ya kwanza, mwambie fundi akuonyeshe kibali chake cha ERA, chenye jina lake mwenyewe.