Kompyuta 20, Diski Moja
(Hotuba ya mwalimu wa sekondari mbele ya Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimepewa dakika chache nieleze habari za chumba cha kompyuta cha shule yetu. Wengi wenu mmepita pale mkaona mashine 20 zinafanya kazi, na mmesikia ya kwamba hazina diski ndani. Wapo wanaosema ni mashine mbovu. Wengine wanadhani diski zimeibiwa. Nitaeleza jinsi zinavyofanya kazi, kisha nitatoa ombi kwa Kamati, kwa sababu jambo hili linahitaji uamuzi wenu.

Diski ni ghala la kompyuta. Humo hukaa programu na kazi zote hata umeme ukizimwa. Kompyuta za msaada mara nyingi zimekwisha kutumika miaka mingi kwingine, na diski ya kuzunguka ni miongoni mwa vifaa vinavyotangulia kuchoka. Haipendi joto, haipendi kutikiswa, wala haipendi umeme kukatika ghafla. Tena mashine 20 zenye diski 20 maana yake ni kuweka programu mara 20 na kusafisha virusi mara 20. Mwalimu mwenye vipindi vya darasani hawezi kazi hiyo.

Sisi walimu tunajua la kufanya pale kitabu kinapokuwa kimoja na wanafunzi ni wengi: tunaandika ubaoni, wote wanasoma. Chumba chetu kinafuata njia hiyo. Kompyuta moja yenye diski, iitwayo seva, ndiyo ubao. Zile 20 zinasoma kutoka kwake kwa njia ya kebo na swichi.

Sasa, mashine isiyo na diski inaamkaje? Inafanana na siku ya mgao. Unapobonyeza kitufe, kadi ya mtandao iliyo ndani ya mashine inaita kwa wote: «Mimi ni fulani, nani atanihudumia?» Inajitambulisha kwa namba yake ya kiwandani, ambayo kwa kawaida hairudiwi na kadi nyingine, kama vile kila familia ina namba ya kadi yake ya mgao. Seva inasikia, inaipa anwani ya kutumia, na kuitajia jina la faili la kuchukua. Utaratibu huo wa kugawa anwani unaitwa DHCP. Kisha mashine inachukua faili hilo dogo kwa njia rahisi iitwayo TFTP. Faili hilo dogo ndilo linaloleta kiini cha mfumo wa Linux, na kiini kikishawaka, mashine inaanza kusoma programu nyingine zote kutoka kwenye seva kana kwamba diski iko tumboni mwake.

Mambo haya si ya kubahatisha. Njia ya mashine kuomba anwani na faili la kuamkia iliandikwa tangu mwaka 1985 kwa jina la BOOTP, na DHCP ikafuata mwaka 1993. Kampuni ya Intel ilitoa toleo la 2.1 la utaratibu uitwao PXE mwaka 1999, na mpaka leo kadi nyingi za mtandao zinaufahamu. Mwaka huo huo wa 1999 Jim McQuillan wa Marekani alianzisha mradi wa LTSP, ndio tunaoutumia. Programu zake hazilipiwi.

Vijana wanaopenda kujifunza washike mambo matatu.

La kwanza: ndani ya kila mashine, kwenye mipangilio ya kuwaka, mtandao uwekwe namba moja. Mashine za zamani na za siku hizi hazitumii faili moja la kuanzia, kwa hiyo seva iandaliwe yote mawili.

La pili: katika mtandao mmoja, mgawa anwani awe mmoja. Ukichomeka kwenye swichi yetu kile kiboksi cha intaneti cha ofisini, nacho kitaanza kugawa anwani. Mashine itakayojibiwa nacho kwanza inaweza kukosa kuambiwa faili liko wapi, nayo ikashindwa kuamka. Ni kama makarani wawili wanaoita majina kwenye foleni moja.

La tatu: kebo ya seva iwe pana. Ikiwa kila mashine inahitaji megabaiti 60 ili kuamka, mashine 20 zinahitaji 1,200. Njia ya megabiti 100 inapitisha takriban megabaiti 12 kwa sekunde, basi mtasubiri kama sekunde 100. Njia ya megabiti 1,000 kutoka seva hadi swichi inapunguza muda huo hadi kama sekunde 10.

Faida mmeziona. Umeme ukikatika, mashine ya mwanafunzi haina diski ya kuharibika. Kazi ya mwanafunzi iliyokwisha kuhifadhiwa iko kwenye seva, hivyo leo anaketi hapa, kesho pale, na anaikuta.

Lakini, ndugu zangu, ubao ukianguka darasa zima halisomi. Seva moja ikifa, mashine 20 zinakuwa masanduku. Na kuna jambo zito kuliko seva. Leo wanaojua kuihudumia ni watu wawili, mimi na kijana mmoja. Sisi ni wakimbizi. Mmoja anaweza kuitwa kwenda nchi ya tatu, mwingine akajiandikisha kurudi nyumbani kwa hiari. Hapa kambini tunaagana na watu kila mara, na tunawatakia heri. Tusikubali waondoke na ujuzi ambao hawakumwachia mtu.

Kwa hiyo naomba Kamati iamue mambo haya:

1. Kila zoni itoe vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze kuihudumia seva. Kila anayefuzu amfundishe mwingine kabla ya kuondoka.

2. Liwepo daftari la Kiswahili lenye kila hatua, kila anwani na kila badiliko. Maneno ya siri yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa, itunzwe na Katibu.

3. Kila Ijumaa nakala ya diski ya seva ichukuliwe na kulazwa katika jengo lingine.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: kabla ya kuongeza mashine ya 21, tupatieni betri ya kuilinda seva na diski moja ya akiba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya, na faida yake inafika kwa wanafunzi wote.

Wazee wetu wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Naomba orodha ya vijana ianze kuandikwa leo, kabla hatujatawanyika.