Tuulizane Kabla ya Kula



Huku kwetu Ng'ambo, mwenye hamu ya urojo huuliza barazani, nasi humwelekeza Michenzani au Miembeni. Jibu hilo ni ushahidi. Likiwa la uongo, mwenzetu hupoteza fedha, pengine hata afya.

Basi anayeulizwa aseme alichokiona mwenyewe: alikula lini, alilipa kiasi gani, maji ya kunawa yalikuwapo au la, chakula kilifunikwa au kiliachiwa nzi. Mkahawa uliokuwa safi mwaka jana huenda umebadili mpishi. Na ikiwa mwenye mkahawa ni jamaa yake, au humpa chochote kwa kila mteja, alitaje hilo kwanza.

Anayeuliza naye asitosheke na mtu mmoja. Akivuka Darajani kuingia Mji Mkongwe, au akisafiri hadi Mombasa, asimfuate papasi anayelipwa kwa kusifia. Awaulize wafanyakazi wa jirani wao wenyewe hula wapi mchana. Pale Forodhani, bei ya mshikaki iulizwe kabla ya kuula. Akidhurika, atunze risiti, atoe taarifa, awaonye wenziwe.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.