Mboga za Wazee Zisipotee



Apitaye bustani nyingi za Kisumu na kandokando ya Ziwa huona sukuma wiki toka mwanzo wa shamba hata mwisho. Sukuma wiki ni mboga njema, wala haifai kudharauliwa. Lakini kabla yake watu wa nchi hii walilishwa na mboga nyingine: dek, yaani mgagani, osuga, yaani mnavu, apoth, yaani mlenda, na mitoo. Kisha wengi wakaziita magugu na chakula cha maskini, zikang'olewa kwa jembe.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango hakukubali dharau hiyo. Alizichunguza mboga hizo kwa miaka mingi, kwanza katika Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi. Majani hayo yana madini ya chuma, ambayo mama mja mzito na mtoto mdogo huyahitaji sana kwa ajili ya damu.

Kuzipanda si kazi ngumu. Udongo na ulimwe hata ulainike, utiwe samadi iliyooza. Kwa kuwa mbegu ni ndogo mno, yafaa zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe katika mistari iliyoachana futi moja, zifunikwe kwa udongo kidogo tu. Mbegu za apoth zina ganda gumu. Zifungwe katika kitambaa, zichovywe katika maji ya moto sana kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha zipozwe. Dek huanza kuchumwa baada ya majuma manne au sita, na maua yake yakiondolewa mapema, majani huendelea kutoka.

Lakini jambo kubwa ni mbegu. Anayechuma kila mche hujinyima mavuno ya mwaka ujao. Basi miche michache iliyo bora iachwe izae. Maganda ya dek yakigeuka rangi ya manjano, yakatwe kabla hayajapasuka, yakaushwe, na mbegu ziwekwe pakavu. Zikikaa miezi mitatu hivi huota vizuri kuliko zikiwa mpya.

Bibi wengi wazee wangali na mbegu hizo, na maarifa yake pia. Kijana aliye na bibi na amwendee sasa, apewe konzi moja, aulize na namna ya kupika. Mbegu isiyopandwa hufa pamoja na mwenyewe.